Mguu Uliopigiwa Filimbi

Watu walimwita Antena, na hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini. Alikuwa mrefu, mwembamba, na huko juu kabisa alikuwa na kichwa kidogo kilichogeuka huku na huku kutafuta habari. Kazi yake ilikuwa kutundika mapazia. Mama yake alishona, yeye akapeleka na kutundika, na mtaa mzima haukuwa na fundi mwingine aliyefika kwenye fimbo ya pazia bila kupanda kitu. Wenye nyumba walimletea stuli, akawashukuru, kisha akaweka juu yake mfuko wa misumari.

Udhaifu wake ulikuwa maswali. Aliweza kuingia sebule ya watu kutundika pazia moja, akatoka anajua ukuta ule ulipakwa rangi na nani, kwa nini dirisha la kushoto lilikuwa chini kidogo kuliko la kulia, na yule paka aliyelala kwenye kochi alitokea wapi. Mama yake alimkanya njia nzima ya kurudi. "Tumekwenda kutundika, hatukwenda kuhoji." Antena aliitika ndiyo mama, halafu akauliza kama yule mwenye nyumba na jirani yake hawana undugu, maana pua zao ni moja.

Jioni alikwenda kwenye mieleka. Klabu ilikuwa ya mjomba wake, kaka wa mama, ambaye mchana alikuwa fundi bomba. Mjomba alikuwa mfupi, mpana, na shingo yake ilikwenda likizo zamani ikakataa kurudi. Kwenye ukoo walitaniwa kwamba mmoja alizaliwa kwa ajili ya chini ya sinki na mwingine kwa ajili ya dari. Lakini kwenye mkeka mjomba hakuwa na utani. Hakuna kijana wa klabu aliyewahi kumwona akibwagwa, na wote walimwogopa na kumpenda kwa kiasi kilekile.

Ukumbi wenyewe ulikuwa ghala la zamani la saruji. Ukipigwa mweleka wa haki, vumbi la kijivu lilitimka kwenye nyufa za sakafu, ukarudi nyumbani na mvi kabla ya wakati. Mikeka ilikuwa sponji nene zilizovikwa turubai, na turubai hilo alilishona mama yake Antena kwa cherehani ileile ya mapazia. Ukitazama kwa makini pindo za mkeka, utaona ni pindo za pazia.

Ghala lile lilikuwa na sheria mbili za mjomba. Ya kwanza, ukibanwa ukaona huwezi tena, unapiga mkeka kwa kiganja na mwenzako anaachia. Hupigi kelele, na neno "niachie" halitamkwi humo ndani. Aliyelitamka alikimbia kuzunguka ghala mpaka miguu ikamlegea. Ya pili ilihusu mguu. Mwenzako akiwa amepiga magoti na viganja chini, nawe uko nyuma yake, unaweza kumshika kiuno, ukamvuta mkono, ukambiringisha utakavyo. Lakini ukipenyeza mguu wako kati ya miguu yake na kuuzungusha ukafunga kifundo chake, filimbi inalia. Mjomba aliita jambo hilo faulo ya mguu. Vijana walikua nayo, wakaamini ndivyo mieleka ilivyo dunia nzima.

Aliyepigiwa filimbi hiyo kuliko wote alikuwa Antena. Hakuwa mkorofi. Miguu yake ilikuwa mirefu mno, ikawa inajiingilia yenyewe mahali isipotakiwa, na kila alipopata nafasi nyuma ya mtu, kabla hajajua anafanya nini, filimbi imeshalia. Siku moja akauliza.

"Mjomba, kwa nini ni faulo?"

"Kwa sababu nimepiga filimbi."

"Na filimbi umepiga kwa nini?"

"Kwa sababu ni faulo. Shuka chini, tuendelee."

Hilo la kushuka chini lilikuwa wimbo wa ghala. Mjomba alifundisha mieleka aliyoijua mwilini mwake, yaani mieleka ya watu wafupi. Chini, chini zaidi, ingia chini ya kwapa, nyakua miguu. Wenzake walichuchumaa wakawa kama mawe. Antena akichuchumaa alifanana na mtu anayetafuta kandambili chini ya kitanda. Magoti yalimuuma, mgongo ulimuuma, na wenzake bado walikuwa chini yake, wakaingia na kumbeba bila taabu. Aliambiwa ale ajaze mwili. Akala kweli, na chakula chote kikakimbilia juu. Alibeba mifuko ya mchanga, akapanda kamba, akakaza shingo mpaka usiku akawa anaota anabeba dunia kwa utosi. Pumzi alikuwa nayo kushinda wote, lakini kubwagwa alibwagwa vilevile.

Mtu angeuliza, basi si aache? Mama yake aliuliza, tena si mara moja. Moyoni Antena alijua. Maisha yake yote aliuliza watu maswali na watu wakamjibu nusu, au wakageuza mazungumzo, au wakamwambia akamalizie pazia. Kwenye mkeka hakuna mtu wa kugeuza mazungumzo. Unamsukuma bega, mwili wake unakujibu palepale, kweli tupu, kisha nao unakuuliza swali lake. Hata akiwa amelazwa chali na anatazama mabati ya ghala, Antena alikuwa anafikiria, kumbe ukinishika hapa naanguka hivi. Alipenda pale kuliko mahali popote.

Kwa hiyo alivunjika moyo siku mjomba alipomwita pembeni, karibu na ndoo ya maji.

"Mpwa wangu, sikiliza. Tunakwenda kucheza na wale wenzetu wa ng'ambo ya reli. Ukishindwa tena, nitakupa filimbi na saa."

"Niwe mwamuzi?"

"Uwe mtunza saa. Sikufukuzi. Lakini mwili mwingine Mungu hakuuumba kwa ajili ya hii kazi, na mimi sitaki kumzika mtoto wa dada yangu."

Antena alisema sawa, maana kwa mjomba ukishaambiwa unasema sawa. Usiku ule alichukua tepu ya mama yake akajipima mkono, kisha paja, kisha mguu kutoka nyongani mpaka kisigino. Mama akamtazama juu ya miwani, mkono uko kwenye gurudumu la cherehani.

"Unajishonea pazia?"

"Nataka kujua nina nini."

Huko ng'ambo ya reli alipangiwa fundi wa kuchomelea vyuma, jamaa mwenye shingo ya fahali na madoa ya cheche mikononi. Antena alichuchumaa kama alivyofunzwa, lakini magoti yalikuwa yamemchosha kwa safari, akajikuta anasimama nusu, mikono mbele. Mkono mmoja uliangukia kwenye paji la uso la yule bwana, mwingine ukamkamata kiwiko. Ajabu, yule bwana hakufika. Alisukuma, akazunguka, akasukuma tena, na mikono ile mirefu ikamweka mbali kama mlango uliofungwa. Antena alishangaa kuliko yeye. Fundi akapandisha hasira, akajitupa miguuni kwa pupa, akakosa, na alipotua kwa magoti na viganja Antena alikuwa ameshafika nyuma yake.

Mguu ukaingia. Hakuutuma. Ulipita kati ya mapaja ya yule bwana, ukajizungusha, na kidole gumba kikajificha nyuma ya kifundo chake. Antena akajinyoosha, nyonga zikakandamiza, na yule mwanamume mzito akafunguka taratibu kama godoro lililokatwa kamba, mpaka tumbo likagusa mkeka na shavu likagusa mkeka. Alinguruma kidogo, kisha akanyamaza. Kwa mara ya kwanza maishani Antena alikuwa juu ya mtu aliyetulia.

Ndipo akakumbuka. Akachomoa mguu haraka, akainua mikono yote miwili kama mtu muungwana anayekiri kosa, akamtazama refa akingoja filimbi.

Filimbi haikulia. Fundi wa kuchomelea alipinduka, akamkumbatia kiunoni, na kabla Antena hajashusha mikono mabega yake yalikuwa yamelala kwenye mkeka. Mchezo ukaisha hapo.

Refa, mzee mwenye kitambi na sauti ya upole, aliinua mkono wa mshindi kisha akamsogelea aliyeshindwa.

"Umeumia, mrefu?"

"Hapana, mzee."

"Sasa mbona ulimwachia?"

"Nilicheza faulo."

"Faulo gani?"

"Ya mguu."

Refa akamtazama juu mpaka chini, na hiyo ilimchukua muda. "Nachezesha tangu kichwa hiki kikiwa na nywele," akasema. "Hiyo faulo naisikia kwako."

Fundi wa kuchomelea alikuwa anajifuta jasho. "Ndugu yangu, pale nilikuwa nimekwisha," akasema. "Nikafikiri umenionea huruma."

Antena akageuka kumtafuta mjomba. Mjomba alikuwa anakunja taulo. Taulo moja, akilikunja na kulikunjua na kulikunja tena, na hakuinua macho. Kesho yake, vijana walipokusanyika ghalani, alimvika Antena filimbi shingoni na kumpa saa mkononi, akaenda zake katikati ya mkeka kufundisha.

Ukweli usemwe, Antena alilia. Alilia nyuma ya ghala, amesimama, maana kukaa kwenye tofali kungefanya magoti yake yafike masikioni na alijua kichekesho hicho hata machozini. Kilichomuuma hakikuwa kushindwa. Kushindwa alikuzoea kama viatu. Kilichomuuma ni kwamba sasa alijua mwili wake ulikuwa na jibu, na jibu lenyewe aliliachia kwa mikono yake, kwa sababu ya sheria isiyokuwepo.

Lakini mtu mwenye maswali ukimkalisha pembeni na saa, umempa shule. Jioni baada ya jioni alitazama. Aliona kwamba mkono wa mjomba ulikuwa ukinyanyuka kukataza kabla mguu wa mtu yeyote haujaingia, ukiwa bado unafikiriwa tu. Aliona pia jambo ambalo miaka yote alikuwa amelipita. Mjomba, akitaka kuonyesha namna ya kujitoa, alipiga magoti na kumwita mtu aje nyuma yake. Alimwita muuza mkaa, alimwita kinyozi, aliwaita vijana wote mmoja mmoja. Yeye Antena hakuwahi kumwita. Tangu aanze, mjomba hakuwahi hata siku moja kumpa mgongo.

Jambo hilo alilipeleka kwa mama, alipomkuta anashona turubai lililochanika.

"Mama, mjomba ananiogopa?"

Mama akacheka, kisha kicheko kikaishia njiani. Akainua mguu kwenye pedali.

"Nani kakwambia?"

"Hakuna. Nimetazama."

Mama akang'ata uzi. "Mjomba wako alishindwa mara moja," akasema. "Alikuwa kijana, hajaoa. Yule aliyemshinda alikuwa fundi wa kupaka rangi, mtu mrefu, mwembamba, ukimwona unasema huyu upepo utamchukua. Akamtia mguu, kama huo unaouuliza. Akamlaza. Hakumuumiza, asije mtu akakudanganya. Alimlalia tu, na kaka yangu akawa hana la kufanya. Alijaribu kila anachokijua, kikaisha. Ukumbi wote kimya. Ndipo tukasikia sauti yake. Niachie. Akasema tena. Niachie, tafadhali."

Cherehani ilikuwa kimya na turubai limelala magotini mwake.

"Babu alikuwepo?"

"Alikaa hapa, ubavuni kwangu. Akasimama, akatoka."

"Akamwambia nini baadaye?"

"Hakumwambia kitu mpaka anakufa. Ndiyo ubaya wenyewe."

Antena alijua kwamba angestahili kukasirika. Alikuwa amepoteza mchezo, na nafasi yake, kwa ajili ya aibu ya zamani ya mtu mwingine. Aliitafuta hasira akaikuta ndogo, na huruma ikiwa kubwa, na juu ya vyote viwili kulikuwa na kitu kingine kilichomwasha.

"Mama, lakini angetokaje?"

"Mimi nashona mapazia," mama akasema, akakanyaga pedali.

Ikatokea juma lilelile wakapata kazi nyumba moja, nyumba mpya yenye harufu ya rangi. Antena alikuwa sebuleni na mapazia, mjomba jikoni chini ya sinki. Antena akamaliza dirisha la kwanza, akapiga moyo konde akaingia jikoni. Ilionekana miguu ya mjomba tu, mifupi, imevaa soksi zisizofanana.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nipe spana hiyo kubwa."

Akampa. Mkono ulitoka ukaichukua ukarudi ndani.

"Mjomba, mtu akitiwa ule mguu, anatokaje?"

Spana ikaacha kugonga. Tone moja la maji likaanguka kwenye beseni, likafuatwa na jingine.

"Mama yako amekwambia."

"Nilimuuliza."

"Najua ulimuuliza. Wewe hata bomba hili ungelihoji." Miguu ile ilijikunja kidogo, kisha ikanyooka. Sauti ikatoka chini pale imebanwa na mbao za kabati. "Sijui anatokaje. Umesikia? Sijui. Nikimruhusu mmoja auweke, mwingine ataniuliza anautoaje, na kocha atasema nini? Basi nikaufungia nje."

"Umewahi kufikiria?"

"Kila siku. Nikiwa humu chini nafikiria. Mahali pembamba, huwezi kugeuka, unafikiria."

Antena akachuchumaa, magoti yakalia. "Mimi najua kuuweka tu," akasema. "Kuutoa umekufikiria wewe kila siku, hata kama hujakujaribu. Tukikaa wawili tutaupata. Peke yangu nitaishia kupuliza filimbi."

Alingoja. Alikuwa amezoea kungoja majibu, ila hili alilingoja na pumzi ameishika.

"Nipe spana ndogo," mjomba akasema.

Akampa spana ndogo, akarudi kwenye madirisha yake. Alitundika pazia la mwisho juu chini, ikabidi alitundue.

Jioni hiyo aliwahi ghalani, akafagia mikeka, akajivika filimbi yake. Vijana wakaja. Mjomba alifika akiwa bado na grisi kwenye kucha, akasimama mbele ya Antena, akanyoosha mkono juu kabisa kama anayechuma embe, akamvua filimbi shingoni. Wote walifikiri mtunza saa naye amefukuzwa. Antena mwenyewe alifikiri hivyo. Mjomba aliitazama filimbi ile, akamtupia kinyozi.

"Kaa nayo. Ukiipuliza nitakunyoa mimi."

Kisha akaenda katikati ya mkeka, akapiga magoti, akaweka viganja chini. Alipiga magoti huku mgongo wake umemwelekea Antena.

"Njoo," akasema.

Antena alivua viatu, akaja, akapiga magoti nyuma ya mjomba wake. Mgongo ule ulikuwa mpana kama meza, na ulikuwa unatetemeka kidogo, jambo ambalo aliyekaa mbali hawezi kuliona.

"Weka mguu."

Akauweka, kwa adabu, kama mtu anayeingia chumba cha mgonjwa.

"Siyo hivyo. Weka kama ulivyomwekea yule wa kuchomelea."

Basi akauweka. Ukapenya, ukazunguka, kidole gumba kikajificha nyuma ya kifundo, akajinyoosha kwa urefu wake wote. Mjomba akafunguka. Alipigana mkono wa kwanza, akapigana wa pili, akatupa nyonga kushoto, akatupa kulia, mpaka tumbo likalala na shavu likalala juu ya pindo alilolishona dada yake. Vijana walikuwa wamesimama mdomo wazi. Kifuani kwake Antena aliusikia moyo wa mjomba unavyokimbia, na pumzi inavyokatika, akajua kwamba mzee hayuko tena ghalani, yuko ule ukumbi mwingine, na baba yake anainuka kwenye kiti.

Kiganja cha mjomba kikafunguka juu ya mkeka. Kikanyanyuka kidogo. Antena akafikiri anataka kupiga, akaanza kupunguza uzito, akaanza kulegeza mguu.

"Usiniachie," mjomba akasema.

Kiganja kilishuka, hakikupiga. Kilitambaa nyuma polepole, kikipapasa, kikaukuta mguu wa Antena pale ulipojifunga, kikashika kisigino na kukipima upande huu na upande ule, kama afanyavyo fundi bomba akitafuta mahali maji yanapovujia.

"Kaza," akasema. "Nataka kuona."

Antena akarudisha uzito wote, akakaza.